Sawa na Taslimu

Miaka yote niliyoishi jirani na Wendell Hudak hapa Lorain, sikuwahi kumwona akinunua kitu kikubwa kwa mkupuo. Si kwamba hakuwa na fedha. Alikuwa fundi wa mabasi ya shule, mkewe Gayle alikuwa dereva wa mabasi hayohayo, na wote wawili walistaafu na pensheni zao. Fedha zilikuwepo. Ila Wendell alikuwa na dini ya pili zaidi ya ile ya kanisani, na dini hiyo iliitwa "sawa na taslimu".

Ni mtindo wa maduka ya huku. Unachukua friji leo, unalipa kidogokidogo mwaka mmoja au miwili bila riba, na ukimaliza kabla ya siku ya mwisho inahesabiwa sawa na taslimu. Ukichelewa siku moja tu, wanakubandika riba yote tangu siku ya kwanza, na hapo ndipo wengi wanaponaswa. Wendell hakunaswa hata mara moja. Friji, mashine ya kukatia majani, waya za kunyoosha meno za binti yao Renee, matairi, hata viwanja viwili vya kaburi nyuma ya kanisa la Waslovaki, vyote alivilipa hivyo, polepole, mpaka karibu na ukingo. Kisha alikuja kwenye uzio wangu, mikono mfukoni, kunisimulia jinsi alivyowabwaga.

"Kwa nini niwape fedha zangu leo, jirani," alikuwa akiniambia, "na wao wenyewe wamekubali kuningoja?"

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuja huku na mume ambaye tuliachana zamani, nikapata kazi jikoni kwenye shule ambako Gayle alishusha watoto kila asubuhi, na ni Gayle aliyenifundisha kuendesha gari kwenye theluji, akinifokea kwa sauti ileile aliyowafokea nayo watoto wa basini. Wendell naye alinitengenezea gari kwa miaka mingi na hakutaka malipo zaidi ya sambusa. Kwa hiyo ninapowasema hawa wawili sisemi habari za kusikia. Nilikula kwao, walikula kwangu, na tulishazoeana kiasi cha kutukanana bila mtu kununa.

Februari ya mwaka juzi Wendell aligonga mlango wangu wa nyuma. Gayle alikuwa kanisani na akina mama wenzake wakifinyanga pirogi, vile vitumbua vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani, wanazouza Kwaresima. Akaniambia anatakiwa kwenda kupimwa kwenye kliniki ya Elyria, watamlaza usingizi kidogo, na hawamruhusu mtu kutoka mpaka awe na mwenzake wa kumrudisha nyumbani. Nikamwuliza, na Gayle je? Akasema Gayle ana shughuli zake. Jibu halikuniingia, lakini nilivaa koti nikampeleka.

Wiki iliyofuata tulirudi kusikia majibu. Aliniomba niingie naye chumbani, eti masikio yake hayashiki vizuri maneno ya madaktari. Daktari alikuwa mwanamke mpole. Alisema ni kansa ya utando unaofunika mapafu, na inatokana na vumbi la breki za zamani, lile ambalo Wendell alilipuliza kwa mpira wa upepo miaka thelathini bila kitambaa puani. Zipo dawa za kuongeza miezi, kuponya hakuna. Wendell aliuliza kwa utulivu, kama anauliza bei ya spea, miezi hiyo yote kwa jumla ni mingapi. Daktari akasema labda mwaka, na labda mwaka usitimie.

Kwenye gari nilikuwa nalia, yeye ndiye ananipa leso. Kisha akanitaka niape.

Sababu yake ilikuwa Renee. Binti yao huyo pekee anaishi Tucson, kule jangwani, na alikuwa amepoteza mimba tatu. Gayle alizilia zote tatu, akiwa mbali, bila kushika hata mkono wa mwanawe. Sasa Renee alikuwa na umri wa miaka arobaini na moja na mimba ya nne ilikuwa imeshika. Mtoto alitarajiwa mwishoni mwa Juni. Gayle alikuwa amepanga kwenda kukaa kule majira yote ya joto, na alishaanza kufuma vitu vya kichanga ambavyo jangwani havitavaliwa hata siku moja.

"Akijua, haendi," Wendell aliniambia. "Unamjua. Atakaa kitandani kwangu ananihesabia pumzi, na mtoto atazaliwa bila bibi. Mwache aende. Amshike, amzoee, arudi. Halafu nitamwambia mwenyewe."

Nilikasirika. Niliona amenifungia mzigo mgongoni bila kuniuliza kama mgongo ninao. Kwetu mgonjwa ndiye anayefichwa, ndugu wananong'ona ukumbini huku wakimwambia ni malaria tu. Huyu alikuwa amegeuza mambo juu chini. Lakini mtu aliyetoka kuambiwa anakufa akikuomba jambo moja, utamwambia nini? Nikala yamini, huku nimenuna, na tangu siku ile kila nilipokunywa kahawa jikoni kwa Gayle niliimaliza haraka nikaaga.

Sasa tuje kwenye simu, maana simu ndiyo iliyomwaga kila kitu.

Simu ya Gayle ilikuwa imezeeka. Iliwahi kuanguka kwenye ngazi za basi, kioo kikapasuka, na betri ilikuwa haikai na moto hata nusu siku. Renee akipiga simu ya picha, uso wake uliganda mdomo wazi, na Gayle alibaki anaongea na sanamu. Kampuni yao ya simu ikaleta tangazo: leta simu yako ya zamani, hata iwe imevunjika, uchukue mpya bure. Gayle alilikata tangazo lile akalibandika kwenye friji.

Bure yenyewe ilikuwa na kamba yake, kama kawaida. Simu mpya bei yake dola mia nane. Kampuni inazigawa kwa miezi thelathini na sita, inakuandikia deni hilo kwenye bili kila mwezi, na mwezi huohuo inakurudishia kiasi kilekile, kwa hiyo hulipi kitu. Sharti ni ukae nao miaka mitatu yote na upande kwenye kifurushi cha juu. Ukiondoka katikati, au akaunti ikifungwa kwa sababu yoyote, marejesho yanakatika na deni lote lililobaki linakuangukia siku hiyohiyo. Na akaunti ilikuwa kwa jina la Wendell, tangu enzi za simu zenye waya.

Miaka mitatu bila riba. Wendell ninayemjua mimi angefunga safari usiku kulala mlangoni pa duka. Badala yake akaanza kusema wanunue kwa fedha mkononi wamalize.

Gayle alikuja kunilalamikia. Alisema mzee ameanza kuzeeka vibaya, anakataa kitu cha bure, amekaa mezani na kalamu nyuma ya tangazo la kanisa anapiga hesabu za kukataa. Nikajitia hamnazo. Nilisema labda ana sababu zake. Gayle akaniangalia kama nimepungukiwa.

Hesabu za Wendell mwanzoni zilikuwa na kichwa na miguu. Kifurushi cha juu kinaongeza dola kumi na tano kwa mwezi, alisema, kwa miaka mitatu ni mia tano arobaini, sasa hiyo bure iko wapi? Ukinunua kwa taslimu unabaki na kifurushi chako cha bei rahisi, simu ni yako, unakwenda kampuni unayotaka, na ile ya zamani unabaki nayo. Tofauti si kubwa, na uhuru nao una bei yake. Hata mimi nilishawishika, mpaka Gayle alipopiga simu makao makuu, akasubiri huku wakimchezea muziki, akarudi na habari kwamba wastaafu wana bei yao. Kwao nyongeza ni dola tano tu. Kwa miaka mitatu ni mia na themanini, dhidi ya mia nane za Wendell.

Alimchapa kwa fimbo yake mwenyewe, kwa maana hesabu hizo alijifunza kwake. Wendell akahamia hoja nyingine. Watakikataa kioo kilichopasuka. Gayle akamsomea tangazo, hata iwe imevunjika. Basi sitaki kufungwa na kampuni moja. Gayle akamwambia umefungwa na kampuni hiyo tangu Renee akiwa kwenye nepi na sijakusikia ukilia. Alipoishiwa, akanyamaza, na Gayle akachukua kimya kile kuwa ni ndiyo.

Wakanipitia Ijumaa moja ya Machi, saa tano na kitu. Mpango ulikuwa tupite dukani mara moja, kisha twende kanisani kula samaki wa Kwaresima, tikiti tulishanunua. Gayle akiwa ndiye dereva, kama siku zote. Alikuwa na furaha siku ile, amepaka rangi ya mdomo, na njia nzima alizungumzia jinsi atakavyotuma picha kutoka Tucson mpaka tumchoke.

Dukani alituhudumia msichana wa Kipuertoriko aitwaye Marisol, mwenye kucha ndefu zilizochorwa maua. Alikuwa mwepesi na mcheshi, akamwita Gayle mama na Wendell baba, akaisifu ile simu mbovu kwamba imepigana vita vyake na sasa inastahili kustaafu. Akaeleza masharti yote sawasawa, hakuficha neno. Wendell alisikiliza ameinamisha kichwa. Msichana alipofika kwenye sharti la akaunti kufungwa, Wendell aliuliza swali moja: kama mwenye jina hayupo, deni linakwenda kwa nani? Marisol akacheka, akamwuliza baba unasafiri kwenda wapi. Mimi nikageuka kutazama makava ya simu ukutani.

Msichana akamgeuzia kishikwambi. Huku hata kalamu hawatumii tena, unaandika jina lako kwa kidole juu ya kioo.

Wendell alinyoosha kidole, kikabaki hewani. Kisha akakikunja. Akaingiza mkono ndani ya koti akatoa bahasha ya benki, nene, akaiweka kaunta.

Gayle alicheka kwanza. Akamwambia Marisol asimjali, huyu mzee alilipia kaburi lake kwa miezi ishirini na minne, leo ndiyo anajifanya tajiri wa kununua simu siku moja. Marisol naye akacheka. Gayle akaisukuma bahasha irudi kwa mwenyewe.

"Weka kidole, mzee, tukale samaki," alisema. "Watu wanangoja."

"Gayle," Wendell akasema, "siwezi kuwaahidi watu hawa miaka mitatu."

Hakupaza sauti. Aliisema kama mtu anayesema mvua inanyesha. Mpaka leo nikikumbuka namkasirikia. Angeweka kidole tu. Kampuni ya simu ingemfanya nini, imfuate kule nyuma ya kanisa? Alikuwa amemdanganya mkewe mwezi mzima bila kutetereka, anaiba barua za hospitali sandukuni kabla mkewe hajaziona, anakohoa gereji ili asisikike. Yote hayo aliyaweza. Lakini kuandika jina lake chini ya ahadi anayojua hataitimiza, na deni limbakie mjane, hilo halikuwezekana kwake. Alikuwa mwongo kwa mapenzi tu, kwenye karatasi hakuwa mwongo hata kidogo.

Gayle aliacha kucheka. Alimtazama mumewe, kisha bahasha, kisha kola ya shati iliyokuwa inapwaya shingoni. Nilimwona anavikusanya kimoja kimoja, kikohozi, barua, nguo, safari zangu na Wendell za kwenda Elyria, zile tulizomwambia ni za "kutafuta spea". Dereva wa basi la watoto ameshazoea kuona kila kitu kwenye kioo bila kugeuza kichwa. Rangi ya mdomo ilibaki palepale na uso wenyewe ukaondoka.

"Chukua hizo fedha, mwanangu," akamwambia Marisol. "Simu tunanunua."

Marisol alijaribu kumkumbusha kwamba ni bure, mama, wastaafu ni dola tano tu. Gayle akasema anajua. Akaifungua bahasha mwenyewe, akatoa noti, akaipokea simu mpya kwenye kimfuko, na ile mbovu akairudisha kwenye pochi yake. Akashukuru. Akamsifia kucha.

Tulipita kanisa bila kupunguza mwendo. Alikwenda mpaka kwenye uwanja wa kuegesha magari wa duka la vyakula, akaegesha mbali na watu wote, akazima gari. Mikono ilibaki kwenye usukani.

"Zaina," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Usimuulize yeye," Wendell akasema. "Nilimwapisha."

"Wewe sijakuuliza. Wewe una zamu yako nyumbani. Namuuliza shoga yangu."

"Nilijua," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu Februari."

Akatikisa kichwa taratibu. "Na kahawa yangu ulikuwa unakunywa."

Mimi ndiye niliyelia tena, kwenye kiti cha nyuma, na nilijionea aibu, kwa sababu msiba haukuwa wangu. Gayle hakulia. Akamwuliza mumewe ni nini, naye akamwambia. Akamwuliza ni muda gani, naye akamwambia hilo pia. Akauliza kama kuna dawa, na Wendell akasema zipo, zitampa miezi ya kutapika, na yeye hazitaki. Baada ya hapo mkono wa Gayle ukatoka kwenye usukani ukashika goti la mumewe, watu wakipita na vitoroli vyao.

Kisha tukaenda kula samaki. Tikiti zilishalipiwa, na watu hawa hawatupi kitu kilichokwisha kulipiwa. Tukakaa meza ndefu na wenzetu, tukasalimiana, Gayle akaionyesha simu yake mpya kwa akina mama, na wakamwuliza ameipata kwa bei gani, na akasema bure.

Alichohofu Wendell kikatokea vilevile. Gayle alisema haendi popote. Aprili yote wakavutana. Wendell alimbembeleza, akamkaripia, akamnunia. Gayle alimwambia Renee ana mume, ana wakwe, na yeye Wendell ana nani? Jina langu halikutajwa. Kwangu hakuwa amekuja tangu Ijumaa ile. Nilikuwa namwona kupitia dirisha akianika nguo kwenye kamba, na nilijua ameniona, lakini mkono haukuinuka. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia. Mwezi Mei akaja asubuhi moja na bakuli la supu, akaliweka mezani, akaniambia Wendell ameshindwa kupanda ngazi na anataka tusaidiane kushusha kitanda. Tukakishusha. Hatukulizungumza tena jambo lile.

Mtoto alikuja kabla ya wakati, wiki ya kwanza ya Juni. Renee alipasuliwa, mshono ukaingia uchafu, wakamrudisha hospitali, na mumewe akawa anakimbia kati ya wodi mbili na kazini. Renee alipiga simu analia kama mtoto. Njoo, mama, alisema, siwezi. Nilikuwepo jikoni. Gayle aliishika meza kwa mkono mmoja, anamwambia nitaona, nitaona, na macho yake yako sebuleni.

Wendell alikuwa na nafuu siku zile, au aliigiza nafuu, sijui. Alikuwa akifika mwenyewe mpaka kwenye sanduku la barua. Muuguzi aliyekuwa anakuja nyumbani, mmoja wa wale wanaohudumia watu waliokwisha kuagana na matibabu, alisema haoni dalili ya haraka. Jioni ile Wendell alimwita mkewe barazani.

"Nenda," akamwambia. "Wiki mbili tu. Ukirudi utanikuta."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

Gayle akamtazama sana. Alikuwa anamjua mumewe, kwamba ahadi yake ni kitu cha kushika mkononi. Ndiyo maana alikwenda. Kama angesema "Mungu akipenda" kama sisi, nadhani Gayle asingepanda ndege.

Aliniachia funguo na maagizo ya kutosha hoteli nzima. Na kwa kuwa simu ilinunuliwa kwa taslimu, ile mbovu ilikuwa imebaki, nayo ndiyo Wendell akaitumia kumwona mjukuu wake. Ilibidi ikae kwenye chaji muda wote. Nilimfungia waya kwenye ubao wa kitanda, na kila siku saa nne asubuhi alikuwa amekwisha kunyolewa ndevu, kwa sababu anakwenda kuonana na msichana. Mtoto walimwita Josephine, jina la mama yake Wendell. Alikuwa mdogo mno, mwekundu, mwenye hasira, na Wendell alisema hapo hakuna ubishi, huyu ni Gayle.

Wiki moja ilikwenda vizuri. Ya pili ilipoanza akaamka hawezi kukaa. Mchana maji yalikuwa yamejaa kifuani na rangi yake imebadilika. Muuguzi alinichukua pembeni akaniambia mke wake aje. Nikampigia Gayle, hakuuliza maswali mengi, akasema ndege ya kwanza aliyoipata ni ya kesho alfajiri, inapitia Chicago. Kisha akaniambia nimpelekee mzee simu, ampigie ya picha.

Nilimwinua kichwa kwa mito. Kwenye kioo kile chenye nyufa akatokea Josephine, amelala kifuani kwa mtu ambaye hakuonekana, ngumi moja kwenye shavu. Sauti ya Gayle ilikuwa inamsimulia kwamba leo amekunywa maziwa yote, leo amefungua macho yote mawili, tazama sikio, sikio ni lako hili. Wendell alitazama. Pumzi zilikuwa zinapandishwa kwa kazi.

"Gayle," akasema, "geuza simu."

"Humwoni vizuri?"

"Nimemwona. Mzuri sana. Geuza nikuone wewe."

Ilichukua muda. Ikaonekana dari, likaonekana pazia, kisha Gayle mwenyewe, nywele hazijachanwa, macho yamevimba. Alikuwa amejificha nyuma ya mtoto siku zote zile na sisi hatukujua.

"Naonekana vibaya," akasema.

"Kaa hapohapo," Wendell akasema.

Wakabaki hivyo wanatazamana. Nilikwenda jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa safi, maana pale hapakuwa na nafasi ya mtu wa tatu. Niliporudi simu ilikuwa imezimika yenyewe kwa joto na Wendell amelala, na hakuamka tena vizuri. Alikata roho kesho yake baada ya adhuhuri. Muuguzi alikuwepo, mimi nilikuwa nimemshika mkono, na mkewe alikuwa angani mahali fulani kati ya Chicago na hapa.

Nilikwenda kumpokea kwenye uwanja wa ndege wa Cleveland. Njia nzima nilitafuta maneno kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, nikakosa lugha zote mbili. Nilijua Renee ameshamwandikia ujumbe, na nilijiambia kwa woga wangu kwamba atatoka ameshausoma, sitalazimika kuusema mimi. Watu wa ndege ile wakaanza kutokeza, na kila mmoja ameinamia simu yake, wanasoma walichokikosa hewani. Gayle alikuja katikati yao ameinua kichwa. Simu alikuwa ameishika mkononi na kioo chake kilikuwa cheusi.

"Sijaiwasha," akaniambia kabla sijafungua mdomo. "Tangu Chicago. Nimeogopa."

Aliniangalia. Sidhani kama kulikuwa na kitu usoni kwangu ambacho hakikusomeka. Nikaanza kusema jina lake, naye akainua kiganja, kama alivyokuwa akiwazuia watoto wasivuke mpaka basi lisimame kabisa.

"Ngoja kwanza, Zaina," akasema. "Twende tukachukue sanduku."

Tukaenda tukasimama kwenye mkanda wa mizigo na wengine. Likaja sanduku lake la bluu, nililitambua, likapita mbele yetu. Gayle alilitazama likipita. Likazunguka, likaja tena, na tena akaliacha. Watu walichukua mizigo yao wakaondoka mpaka tukabaki sisi wawili, na lile sanduku linaendelea kuzunguka peke yake, na mimi sikuligusa.